Rakuni juu ya dari: kwa mlioko Ujerumani

Ukisikia vishindo darini usiku wa manane, na unakaa Kassel, Berlin au Brandenburg, usimsingizie jirani wa juu. Huenda ni rakuni, yule mnyama mwenye baka jeusi machoni na mkia wa pete.

Kwao ni Amerika Kaskazini. Huku aliletwa kwa ajili ya manyoya. Mwaka 1934 jozi mbili ziliachiwa kando ya ziwa Edersee, Hessen. Mwaka 1945 wengine wakatoroka shamba la kuwafugia karibu na Strausberg, mashariki mwa Berlin. Wakazaana, maana hawachagui chakula: vyura, mayai ya ndege, cheri, hata ukoko wa pilau. Tangu 2016 wamo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya viumbe vamizi, kwa hiyo kumfuga ni marufuku, hata akiwa kitoto cha kupendeza. Kumtega bila kibali nako kutakuletea kesi.

Anza na pipa la taka. Baada ya shughuli, mifupa na makombo yakilala nje, umemwalika mwenyewe. Kifunge kifuniko kwa kamba ya mpira yenye kulabu, na pipa ulitoe asubuhi.

Kisha kagua bomba la maji ya mvua pembeni mwa nyumba, ndiyo ngazi yake. Ukutani utaona alama za vidole vitano, kama kiganja cha mtoto. Bati laini likizungushiwa bomba, anateleza. Matawi yanayogusa paa yakatwe. Lakini tundu la darini usilizibe ovyo majira ya kuchipua: watoto huzaliwa kati ya Machi na Mei, na mama akifungiwa nje atang'oa vigae kuwafuata. Kama umepanga, hayo ni ya mwenye nyumba. Mwandikie, ambatisha picha, taja “Waschbär”, ndilo jina la rakuni kwa Kijerumani. Atakuelewa mara moja.

Linalonitia hofu zaidi ni kinyesi. Hujisaidia mahali pamoja, na humo huweza kuwamo mayai ya minyoo iitwayo Baylisascaris, ambayo ikimwingia mtu huweza kufika hadi kwenye ubongo. Mayai hudumu miaka, na jiki haiyaui. Vaa glavu na barakoa, zoa, kisha mwagia maji yanayochemka. Mchanga wa kuchezea watoto ufunikwe kila jioni.