Kuandika saa kwenye chakula kinachokaa nje ya friji, navyofanya mie

Assalaam alaykum. Mie napika futari na vyakula vya shughuli hapa Unguja, kabla ya hapo nilikuwa jikoni kwenye hoteli moja huko shamba, na wenzangu wanaouza jioni kila siku wananiuliza suali hili hili, chakula kikae nje muda gani ndo kitupwe. Basi leo naliandika lote.

Vitu vyenyewe: maskintepu (ile plasta ya karatasi ya wapaka rangi), maka peni, saa moja ya ukutani ambayo jiko zima linaifata, na pimajoto la kuchoma ndani ya chakula. Hilo pimajoto usiliache, mkono haujui tofauti ya 50 na 60.

Hatua ya 1. Jua kipi kinahesabiwa

Wali, pilau, mbatata za kuchemsha, kachori (ndani yake ni mbatata), mayai, maharage, nyama, kuku, pweza, na chochote kilichotiwa tui, pamoja na chatne ya nazi mbichi. Visheti, ubuyu, kashata havina neno, hivyo acha.

Watu wengi wanauonea wali huruma, utasikia "ntaupasha asubuhi". Wali una vijidudu ambavyo mbegu zao zinahimili kuchemka, ukishaipua na wali ukakaa uvuguvugu zile mbegu zinaamka, zinazaana na zinatoa sumu, na sumu hiyo haifi kwa moto wa kupasha hata utokote mpaka basi. Kwahiyo kupasha hakurudishi saa nyuma, hili naomba lishike kuliko yote ntakayosema.

Samaki mbichi mie simhesabii saa kabisa. Jodari, nguru, vibua, wakikaa na joto inajijenga sumu kabla hujamkata, mtu akila anawashwa, uso unaiva, kichwa kinamgonga, na hata umkaange akauke haitoki. Huyo ni barafu tangu anatoka mnadani mpaka kwenye kikaango.

Hatua ya 2. Pima kabla hujaanza kuhesabu

Kanuni za chakula za Marekani, ambazo ndo tulifundishwa hotelini, zinasema cha baridi kianze kikiwa digrii 5 za Selsiasi au chini yake, na cha moto kianze 57 au zaidi. Chakula kilichokwisha kuwa vuguvugu tangu mwanzo hakina saa za kukupa, maana hujui kimeshakula ngapi. Na kilicho juu ya makaa kinatokota, mfano chungu cha urojo wenyewe, hakina haja ya kuandikwa saa, ili mradi usiache makaa yakafa.

Hatua ya 3. Saa ngapi

Kanuni hizo hizo zinatoa saa 4 tangu kitoke kwenye moto au kwenye friji. Ipo na ya saa 6 kwa vya baridi, lakini hiyo inataka chakula kisipite digrii 21 muda wote, na kwetu hapa hata kusi likivuma (miezi ya baridi) hewa ya jikoni haishuki mpaka huko, kwahiyo isahau. Uingereza wao cha moto kikishuka chini ya 63 wanakipa saa 2 tu. Na kwa majumbani Wamarekani wanashauri saa 2, ikiwa joto limepita 32 basi saa 1, na wakati wa kaskazi (miezi ya joto) hilo joto tunalo mchana kutwa.

Mie nimeamua hivi: vya tui, wali na chatne ya nazi saa 2, vyengine saa 4. Kuna wanaoniambia nabana sana, lakini nazi inachacha haraka na wanaokula kwangu wana watoto na wazee ndani.

Hatua ya 4. Andika saa ya KUTUPA

Usiandike saa uliyopika, andika saa ya kutupa, maana mtu aliyechoka usiku hataki hesabu. Mbatata za urojo nimeipua saa 10 na robo alasiri, naandika TUPA 2.15 USIKU. Chatne imetoka friji saa 11 jioni, TUPA 1.00 USIKU. Plasta nabandika kwenye chombo chenyewe, sio kwenye mfuniko wala kawa, vifuniko vinahamahama. (Na kawa linazuia nzi tu, vijidudu vilivyokwisha kuwemo halivijui.)

Hapa ndo pana mtihani wetu wa saa. Kule hotelini kijana mmoja aliandika 7.30 akikusudia saa ya Kizungu, yani saa 1 unusu usiku, mwengine akaja kuisoma saa 7 unusu usiku, kuku wa kupaka akabaki mezani masaa sita zaidi anasubiriwa afike muda wake. Alhamdulillah mpishi mkuu alipita akamuona kabla hajapakuliwa. Tangu siku ile mie ni saa ya Kiswahili peke yake na neno la wakati lazima liwepo: asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Nyinyi mkitaka ya Kizungu sawa, lakini jiko zima lichague moja, na ibandikwe ukutani.

Kisichokuwa na plasta kinatupwa, usiulize nani kakitoa.

Hatua ya 5. Toa kidogo kidogo, usiongezee

Kachori mpya ukizimwaga juu ya za zamani basi zote zimechukua saa ya zile za zamani. Chombo kikiisha kioshe, toa chengine na plasta yake mpya.

Kwa futari hesabu inakubana vizuri. Muhogo wa nazi ukiuipua saa 10, saa zake 2 zinaisha saa 12 jioni na adhana ya magharibi bado, kwahiyo mie siuipui kabla ya saa 11. Sehemu ya daku naitoa pale pale mwanzo kabla haijafika mezani, naitandaza kwenye trei za kina kifupi ipoe haraka, ishuke mpaka 21 ndani ya saa 2 na mpaka 5 ndani ya saa 4 zinazofata, iingie friji. Iliyokwisha kukaa mezani na plasta hairudi friji, haijalishi imebaki nyingi vipi.

Hatua ya 6. Muda ukifika

Unatupa. Usinuse, usionje, sumu nyingi hazina harufu wala ladha. Najua inauma, nyama bei yake tunaijua sote, ndo maana naandika kwenye daftari nimetupa nini na kiasi gani, wiki ya pili napunguza sufuria.

Umeme ukikatika

Unguja tulikaa karibu miezi mitatu bila umeme kuanzia mwisho wa 2009, kwahiyo hili si la kudhania. Friji isipofunguliwa inashika ubaridi kama saa 4, friza iliyojaa mpaka saa 48, iliyojaa nusu inafika saa 24. Umeme ukienda tu bandika plasta mlangoni, andika umekatika saa ngapi, na deli la barafu liwe tayari kwa samaki.