Kupiga Picha za Mwanga na Kivuli Ndani ya Ofisi Mjini Kigoma

Mpigapicha wa Kigoma ana bahati ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hana, nayo inatokana na saa. Saa za Tanzania nzima hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Kigoma iko karibu na digrii 30, kwa hiyo jua lake huchelewa kwa takriban saa nzima: huchomoza karibu saa moja asubuhi na hufika utosini karibu saa saba mchana. Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi. Watumishi wanapoketi mezani, basi, jua lingali chini, na mwanga wake huingia dirishani ukiwa umelala hadi kuufikia ukuta wa pili.

Kabla ya kushika kamera, tafuta chumba chenye dirisha la mashariki lisilozibwa na mwembe, kilima wala paa la baraza. Jua hupanda kwa takriban digrii 15 kila saa. Dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2 kutoka sakafuni hupeleka mwanga kiasi cha mita 7 ndani ya chumba ifikapo saa mbili, lakini saa tatu mwanga huo haufiki hata mita 4, na saa nne umebaki sakafuni karibu na dirisha, mahali ambapo hakuna anayefanya kazi. Kumbuka pia kwamba mwezi Juni jua huchomoza upande wa kaskazini-mashariki na Desemba kusini-mashariki, hivyo meza iliyopata mwanga mwezi mmoja huenda ikawa kivulini mwezi mwingine.

Kwa maoni yangu hakuna chumba kinachoishinda masijala, yaani chumba cha kutunzia majalada ya ofisi. Nondo na vioo vya luva huchora mistari juu ya rafu za majalada, na pembe za chumba hubaki na giza la kutosha kuwa mandharinyuma. Simama ubavuni mwa karani, dirisha likiwa upande wake wa pili, kisha subiri afungue jalada. Karatasi nyeupe iliyopigwa na jua hurudisha mwanga kidevuni na machoni mwake, na hapo flashi haihitajiki. Kwa kweli ingeharibu kila kitu. Wakati wa kiangazi, jalada la zamani likigongwa mezani hutoa vumbi, na vumbi hilo ndilo linaloufanya mshale wa mwanga uonekane hewani.

Pima mwanga kwenye uso au karatasi iliyoangazwa, wala si chumba kizima, na uache vivuli viwe vyeusi. Kwa kamera, anza na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ya 200, tundu la lenzi la f/8 na kasi ya 1/250 ya sekunde, halafu urekebishe kwa kutazama picha yenyewe. Kwa simu, gusa kioo mahali palipo na mwanga mkali kisha ushushe kidole ili picha iwe na giza zaidi. Omba taa za tyubu zizimwe, kwani rangi yake hugombana na ya jua. Zisipozimika, tumia 1/100 au 1/50, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na tyubu za zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde, jambo ambalo kasi kubwa huligeuza kuwa mistari ya giza pichani.

Alasiri usitarajie makubwa. Hata madirisha yanayotazama Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, hayasaidii sana, kwa sababu ofisi hufungwa saa 9:30 na jua lingali juu. Piga tu picha za watu wanaopita mlangoni mwa korido yenye giza.

Ruhusa iombwe kwa mkuu wa ofisi na kwa kila anayepigwa picha, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa njia halali. Kuza kila picha kabla ya kuondoka masijala, na ufute papo hapo ile ambayo jina, namba ya jalada au mhuri wa SIRI unasomeka.