Zima gari, shusha kioo: safari ya vilimani majira ya kuchipua

1. Kagua gari usiku wa kuamkia safari. Breki, upepo wa tairi, mafuta, maji ya kuoshea kioo. Baridi kali huacha barabara na mashimo, na shimo lililojaa maji halionyeshi kina chake.

2. Ondoka kungali giza. Anayetoka saa nne asubuhi hurudi akisema vilima havina wanyama. Paa na sungura hula alfajiri na jioni. Ubaya ni kwamba saa hizo hizo ndizo wanazovuka barabara. Ukiona macho yanang'aa kwenye mwanga wa taa, punguza mwendo. Akishavuka mmoja usikimbilie kukanyaga mafuta, mara nyingi nyuma yake yupo wa pili. Akikurukia ghafla, funga breki na usukani uache umenyooka. Mimi niliwahi kumkwepa mmoja nikaishia mtaroni. Yeye alikwenda zake.

3. Panda taratibu. Joto hupungua takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo machipuko nayo hupanda kilima hatua kwa hatua. Bondeni maua yanapukutika, katikati majani bado laini, juu vichipukizi havijafumbuka. Umechelewa maua ya chini? Yafuate juu. Ila kona zenye kivuli na madaraja huweza kuwa na barafu asubuhi.

4. Simama, na usishuke. Hapa ndipo wengi hukosea. Tafuta sehemu pana nje ya barabara, mbali na kona, uzime injini na kushusha kioo. Mnyama huvumilia gari lililosimama. Akiona mtu anatembea, hutoweka. Kaa dakika kumi kamili. Kwanza utasikia injini inalialia ikipoa, kisha ndege walionyamaza ulipofika wataanza tena, mmoja mmoja.

Tazama ukingo ambapo msitu unakutana na nyasi. Mashina ya miti yamesimama wima, kwa hiyo tafuta kitu kilicholala: mgongo wa paa ni mstari mlalo. Pengine kitakachomfichua ni sikio tu, likifukuza nzi. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Kunja kitambaa juu ya mlango uiegemeze, mkono usitetemeke.

Ukimwona mtoto wa paa amejikunyata nyasini peke yake, mwache. Hajatupwa. Mama yake humficha na kurudi kumnyonyesha.

5. Kushuka. Ingiza gia ya pili au ya tatu kabla mteremko haujaanza, injini ilizuie gari. Ukikanyaga breki njia nzima zitapata moto. Ukisikia harufu ya kuungua, simama zipoe, wala usizimwagie maji. Kwenye njia nyembamba mpishe anayepanda.

Na magari yakipangana nyuma yako, sogea pembeni yapite. Wao hawakuja kutazama paa.