Kimbia albamu nzima, achana na saa

Ukijiwekea changamoto ya kukimbia mwezi mzima, usihesabu dakika. Chagua albamu ambayo hujawahi kuisikiliza, uifungue ukishafunga kamba za viatu, na usisimame mpaka wimbo wa mwisho uishe. Hamu ya kujua kinachofuata ndiyo inayokusukuma. Anza na ya nusu saa, kisha panda polepole. Mimi napenda rumba ya Kongo: sebene, ile sehemu ya magitaa yenye kasi, huingia mwishoni mwa wimbo, pale pale miguu inapoanza kulegea. Taarabu ya taratibu, hapana. Siku ya mazoezi ya kasi mbinu hii haifai, maana mdundo ndio utakaokupangia mwendo. Pakua kabla, bando lisikukatie njiani. Na penye bodaboda, sikio moja liache wazi.