SOMO: Vidonge vya chokoleti laini, bila oveni, bila maziwa wala siagi

Wakuu, meseji zimejaa swali lile lile: vidonge hivi vinatengenezwaje? Naandika mara moja tu; atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

MAHITAJI
Chokoleti nyeusi gramu 200 (kakao asilimia 60 hadi 70), tui zito mililita 80, unga wa kakao usio na sukari, chembe ya chumvi. Iliki ukipenda.

Soma maandishi ya nyuma ya pakiti. Zipo zinazojiita nyeusi na ndani mna maziwa ya unga. Nyeupe usiiguse kabisa.

HATUA
1. Katakata chokoleti iwe midogo kama punje za mchele. Weka kwenye bakuli KAVU.

2. Tui. Hapa ndipo sufuria nyingi huishia kumwagwa, kwa hiyo tulia. Kuna nazi moja, kamua kwa nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, si zaidi. Chuja kwa kitambaa, weka frijini saa mbili tatu, kisha engua ile krimu ya juu peke yake. Hiyo ndiyo mililita 80 ninayosema. Maji yaliyobaki chini pikia wali. Bandika krimu kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha maana ukizubaa linakatika. Likianza kutokota pembeni, epua, mimina LOTE kwa mpigo juu ya chokoleti. Acha dakika tatu, usiguse. Halafu koroga taratibu kuanzia katikati mpaka ing'ae.

Msiyeyushe chokoleti kwanza halafu mkatia tui kijiko kijiko. Chokoleti iliyoyeyuka ikipata maji kidogo tu, sukari na unga wa kakao vinashikana, inakuwa tope la madongemadonge. Kimiminika kingi kwa mara moja haina neno, kidogo ndiyo balaa. Mvuke nao ni maji. Ukiona mafuta yanaelea juu, joto limezidi: tia kijiko cha chai cha tui vuguvugu, koroga pole pole, itarudi.

3. Chumvi, iliki, koroga. Frijini saa mbili.

4. Chota kwa kijiko cha chai, viringisha kwa viganja vilivyopakwa unga wa kakao. Usiloweshe mikono.

5. Rudisha frijini. Siku nne mwisho, humo mna tui.

MASWALI

Mchachu: Naweza kutumia maziwa ya kopo badala ya tui?
— Soma kichwa cha somo.

Mchachu: Nimeuliza tu mkuu, mbona ukali?
— Sina ukali. Ukiweka maziwa vitatoka, ila hilo ni somo lingine.

Binti Pangani: Yangu imekuwa kama mchanga. Nilifuata KILA kitu.
— Uliyeyusha vipi?
Binti Pangani: Juu ya sufuria ya maji ya moto, nikafunika na mfuniko.
— Basi hukufuata kila kitu. Jasho la mfuniko lilidondokea ndani. Usimwage: ongeza tui la moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, italegea iwe rojo. Vidonge hupati tena, pakia mkate.

Kaka Jiko: Unga wa chokoleti ya kunywa unafaa kuvingirishia?
— Hapana. Ule una sukari, na mara nyingine maziwa.

Mjukuu wa Kyela: Shikamoo dada. Nyumbani tuna kakao shambani, zimeshavundikwa na kuanikwa. Naweza kuanzia hapo?
— Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Kaanga kwa moto mdogo mpaka maganda yapasuke na harufu ibadilike, menya zikiwa bado na joto, pepeta kwenye ungo. Twanga kwenye kinu kilichopashwa moto. Endelea mpaka mafuta yatoke na iwe uji mzito. Ila kwa kinu haitalainika kama ya dukani, chembe zitabaki ulimini. Kwa hiyo usitumie kwa somo hili. Ponda tende laini zisizo na kokwa pamoja na korosho zilizokaangwa, changanya na hiyo kakao, viringisha. Huko chembe hazisumbui, na sukari huhitaji. Ukijaribu tuletee picha.

Mjukuu wa Kyela: Nitaleta. Kiasi gani cha kakao?
— Kwa kikombe cha tende, anza na vijiko viwili vya chakula, onja. Ya kutwanga ni chungu kuliko unavyodhani.

Mama Naa: Mimi niko Dar, vinalegea mezani kabla wageni hawajafika.
— Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Dar Januari unaijua. Punguza tui liwe mililita 60, na toa sahani wageni wakishaketi.

Kaka Jiko: Machicha yanayobaki mnayafanyaje?
— Kausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka yawe ya kahawia, vingirishia badala ya kakao.
Mama Naa: Au tia kwenye kashata. Mie siyatupi.