Kuosha uvungu wa gari na ndani ya madigadi, na hiyo diseli uachane nayo

Mvua za Machi mpaka Mei zikiisha, gari yoyote iliyokuwa inazunguka barabara za marram inabaki na udongo mwekundu umejibana kule juu ya tairi ambako hakuna mtu anaangalia. Bodi inaoshwa kila Jumamosi, rimu zinang'aa, lakini ukiinama uchungulie ndani ya madigadi unakuta shamba. Na huo udongo ndio unakula gari, maana unashika maji, juu unauona umekauka vumbi linapeperuka kumbe ndani bado ni mbichi, na chuma kinakaa hapo kinalowa taratibu.

Kabla hatujaanza, tuongelee diseli. Washingi bei nyingi hapa Kampala ukimwambia kijana akuoshee chini atakuuliza "boss, nikupulizie na diseli?" au ana galoni yake ya oili chafu iliyotolewa kwenye injini, anachanganya, anapuliza uvungu mzima, gari inatoka nyeusi inametameta unalipa unafurahi. Kataa. Bushi nyingi za sasipenshoni (vile vipande vya mpira kwenye viungio) ni raba ya asili na hiyo haiivani na mafuta, inavimba inalainika halafu unaanza kusikia ko-ko-ko kila shimo. Diseli ikirukia diski za breki utajua siku unashuka kilima cha Kololo. Pia ukirudi kwenye marram tu vumbi lote linaganda kwenye yale mafuta, unakuwa umeweka uchafu mpya juu ya uchafu wa zamani, na inayobaki inatiririka kwenye mtaro mpaka kinamasi. Hao hao wanaopuliza ukiwauliza gari zao wanapuliza nini watacheka tu.

Haya, vifaa. Mashine ya presha ukiwa nayo vizuri, kama huna basi hosi, na kama maji yamekatika jerikeni mbili tatu na jagi vitafanya kazi, itachukua muda tu. Ndoo ya sabuni, shampuu ya gari au sabuni ya maji ya kawaida, na kwa grisi iliyokomaa tafuta ile klina ya kazi zote, changanya sehemu moja kwa kumi za maji. Brashi ya mpini mrefu, brashi ndogo kama ya viatu, glavu, miwani (udongo wa uvungu unaangukia machoni moja kwa moja, usijifanye mgumu). Sponji ya dresingi (dawa ya kung'arisha plastiki nyeusi) iwe yake peke yake.

Gari ikitoka safari iache ipoe kwanza. Diski ikiwa ya moto ukaimwagia maji baridi inaweza kupinda na baadaye usukani utakuwa unatetemeka ukikanyaga breki. Paki sehemu tambarare ngumu, hendibreki, weka mawe au mbao kwenye matairi. Si lazima utoe magurudumu, ukikata usukani wote kushoto halafu wote kulia unafikia sehemu kubwa ya mbele. Ila mara moja moja, tuseme msimu wa mvua ukiisha, toa gurudumu moja moja ufanye kazi ya kueleweka. Hapo gari ikae kwenye stendi. Jeki ni ya kuinulia, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni dakika moja ya kuangalia kitu, na tofali usiweke kabisa, linapasuka bila taarifa.

Anza na madigadi na uvungu kabla ya bodi, la sivyo utaosha mara mbili. Loweka kwanza, watu wengi wanaruka hapa wanaanza kusugua udongo mkavu na mchanga wake wanakwangua kila kitu. Mwagia maji, subiri dakika kumi, mwagia tena, ule udongo unaanza kuachia wenyewe unadondoka mabonge mabonge. Halafu presha, ukianzia juu ukishuka, na mdomo wa mashine uwe sentimita 30 hivi mbali. Usiuelekeze kwenye buti za CV (mipira inayofunika viungio vya ekseli), kwenye plagi za waya, sensa za ABS (za breki zisizojifunga), wala mapezi ya rejeta, yanalala kama majani.

Sasa ingiza kidole kwenye ule ukingo wa madigadi, pale bati lilipokunjwa kwa ndani, hasa magurudumu ya nyuma. Utatoa udongo mrefu wenye umbo la ule mkunjo. Ukishatoa mwagia maji mpaka yaache kutoka mekundu, usiridhike na maji ya chai. Hapo ndipo kutu huanzia kwenye gari nyingi, siku rangi inafura kwa nje ujue ndani imeshaliwa zamani. Vilevile angalia chini ya milango, kwenye sili (lile bati refu la pembeni unalolikanyaga ukiingia), kuna vitundu vya kutolea maji, vikizibwa na udongo maji yanabaki ndani ya bati. Vichokoe na kijiti au kipande cha plastiki, msumari unakwangua rangi.

Baada ya hapo sabuni, brashi, suuza, na usiache sabuni ikaukie juani. Gari za Katwe kule Kasese zinazobeba chumvi ya ziwani ziongezewe maji mengi safi na zisisubiri Jumamosi, chumvi haina subira na chuma.

Endesha kidogo mtaani ukikanyaga breki polepole zikauke, kisha iache usiku kucha. Kukausha ndiko kazi yenyewe, ukipaka chochote juu ya unyevu umeufungia ndani. Asubuhi chukua tochi ukague: buti iliyochanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu, shokabu iliyolowa oili, ekzosi iliyotoboka, oili ya injini inayodondoka. Hivi havionekani kwenye uvungu mchafu, kwa hiyo kuosha peke yake kumeshakulipa.

Dresingi yenyewe ni kazi ndogo. Zile plastiki nyeusi za ndani ya madigadi pakaza dresingi ya maji, ile nyeupe kama maziwa, zile za mafuta mazito zinanata vumbi. Pulizia kwenye sponji, sio kwenye gari, maana ukipulizia moja kwa moja inaruka mpaka kwenye diski. Sambaza, acha dakika kumi hivi, futa inayobaki na kitambaa. Gari nyingine zina kitambaa kigumu kama zulia badala ya plastiki, hizo osha tu usipake kitu.

Kwenye chuma cha uvungu ni habari nyingine. Kama hakina kutu, waksi ya uvungu ya kupuliza inatosha, ukiziba kwanza ekzosi, breki na raba kwa gazeti na selotepu. Kama kuna kutu, sugua na brashi ya waya mpaka chuma, paka dawa ya kugeuza kutu, ikikauka praima, halafu ndiyo andasili (ile rangi nzito nyeusi ya kukinga uvungu). Andasili juu ya kutu ni blanketi, kutu inaendelea kula kwa raha bila kuonekana.

Na hii ndiyo sababu ukienda kununua gari kwenye bondi (yadi ya gari zilizoagizwa nje) ukakuta uvungu mweusi tii mpya kabisa, usifurahi. Tangu sheria ya 2018 gari ya miaka 15 na zaidi haiingii Uganda, lakini hata ya miaka kumi kama imetokea kaskazini mwa Japani ambako barabara za theluji zinamwagiwa chumvi, uvungu unaweza kuwa umechoka. Omba iinuliwe, gonga gonga na mpini wa bisibisi kwenye chasisi na sili, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi. Muuzaji akianza kununa, mwambie asante ssebo (bwana), endelea na gari inayofuata.

Usipeleke gari kuoshea mtoni wala kinamasini, NEMA (mamlaka ya mazingira) hawapendi na wako sahihi.

Ukirudisha magurudumu kaza nati kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, sio kwa kuzunguka. Toyota nyingi ndogo zinataka 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa hiyo kama jirani ana spana ya toki inayopima nguvu hiyo mwazime, maana kuruka juu ya wili spana ndiko kunakata stadi, zile bolti za kushikia gurudumu. Ukishatembea kama kilomita 50 simama uzikaze tena.