Kuchagua chensoo ya kukatia kuni

Kwa magogo yenye unene wa sentimita 30 hivi, injini ya cc 40 hadi 50 na bamba (chuma kirefu ambacho mnyororo huzungukia) la inchi 14 hadi 16 vinatosha. Wengi hutamani bamba refu, lakini bamba la inchi 20 huielemea injini ya cc 40: mnyororo hupungua kasi ndani ya gogo na klachi huteleza hadi kuungua. Gogo nene likatwe kutoka pande mbili. Chensoo ya betri inafaa kwa matawi na kazi fupi.

Kama ni ya mtumba, ikute ikiwa baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika huwaka kirahisi na kuficha mengi.

Anza na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Swichi ikiwa imezimwa, shika mpini wa kamba ya kuwashia, kisha inyanyue mashine ining'inie. Ikishuka kwa kusitasita, ni nzima. Ikiporomoka moja kwa moja, pete za pistoni au silinda zimekwisha. Halafu fungua ekzosi uchungulie pistoni kwa tochi. Inatakiwa iwe laini. Ukiona michirizi ya kwenda juu na chini, mara nyingi ni kwa sababu ilitiwa petroli isiyo na oili. Hiyo iache, hata ikinguruma vizuri namna gani.

Sasa iwashe. Ikiwa saileni, yaani ikinguruma polepole bila kuvutwa moto, mnyororo usizunguke. Ukizunguka hata baada ya kupunguza saileni kwa skrubu yake, springi za klachi zimechoka. Kisha vuta moto mnyororo uzunguke, usukume mbele kinga ya mkono, ambayo ndiyo breki: mnyororo usimame papo hapo. Breki isiyoshika haina mjadala: mashine hiyo iache. Rudisha kinga nyuma, elekeza ncha ya bamba kwenye ubao mkavu, ukiacha nafasi ya sentimita 20, uvute moto. Mstari wa oili ujitokeze. Usipojitokeza, pampu ya oili au tundu lake limeziba, na bamba litaungua.

Kabla ya kulipa, soma namba zilizopigwa kwenye bamba: hatua ya mnyororo (pichi, yaani nafasi kati ya viungo vyake), upana wa mfereji wa bamba na idadi ya viungo vinavyoingia kwenye mfereji huo. Mnyororo wa namba hizo usipopatikana kwa urahisi, chagua mashine nyingine.

Mchanganyiko, kama kitabu chake hakisemi vinginevyo, ni mililita 100 za oili ya tu-stroki kwa lita 5 za petroli.